Ukungu Kwenye Kioo

Mimi na ubani hatupatani. Nalisema wazi, tena kwenu nyie wa rika langu mliokulia mji huu wa Tanga, maana nyie ndio mnaonicheka harusini. Chetezo kikiingia mlango huu, mimi natokea mlango ule. Mashoga zangu wamezoea. Mmoja hunitania kwamba nina shetani asiyependa kufukizwa. Nacheka nao. Sijawahi kuwaambia kwamba ubani hunirudisha kanisani, kwa sababu mtoto wa Ngamiani aliyeanza chuo cha Kurani kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto, akisema ubani unamkumbusha kanisa, watu wataanza kuulizana.

Mwaka jana nilikuja Tanga na wafanyakazi wenzangu kwa semina, nao wakataka kuonyeshwa mji wa kale. Wageni wakija huku hawaridhiki mpaka wapelekwe kwenye majumba ya enzi za Mjerumani, wakazipige picha nyufa zetu. Tukafika kwenye lile kanisa kuu la zamani. Kijana anayetembeza wageni akaanza kueleza unene wa kuta, kengele iliyoletwa kwa meli, vioo vya rangi, mabamba ya shaba yenye majina ya Wazungu waliokufa kwa homa. Wenzangu wakaingia, simu mkononi. Mimi nilipofika mlangoni, harufu ya ubani wa miaka na miaka ikanikuta pale pale kizingitini, na miguu ikagoma. Mmoja wao akaniuliza kwa upole, "Dada, dini hairuhusu?" Nikamwambia jua limenipiga. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje.

Ngazi zile nazijua vizuri. Nilikuwa nikikaa pale kila Jumamosi, nikimsubiri Bibi yangu mzaa mama, Bibi Paulina. Bibi alikuwa Mbondei wa Muheza, Mkristo wa kuzaliwa, na kwa jamaa zetu hilo si ajabu. Ukoo mmoja una akina Zubeda na una akina Agnesi; Krismasi wanakula kwa huyu, Idi wanakula kwa yule. Mama alisilimu alipoolewa na Baba, Bibi akabaki na dini yake, na hakuna aliyemkera mwenzake. Kazi aliyoipenda Bibi kuliko zote ilikuwa kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Alitumia pasi ya mkaa, na alipomaliza, kitambaa kilisimama chenyewe kama ukuta. Mimi nilikuwa nikimsindikiza mpaka ngazini, naye akiingia ndani na vitambaa vyake mikononi. Baba alikuwa amesema niende na Bibi popote anapokwenda, ila ndani ya kanisa nisiingie.

Bibi aliniita mke mwenzangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na ugomvi wetu wa ukewenza ulikuwa mkali, ingawa mume mwenyewe, marehemu babu, alikufa kabla sijazaliwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umeamka na hila gani?"

Siku moja nilimwuliza mle ndani mna nini. Alikuwa akinimenyea chungwa, akafikiri kidogo.

"Mna baridi," alisema. "Baridi na kimya. Wewe ungeingia ungelala."

Basi nikajua: kanisani ni mahali pa kulala.

Bibi alikuwa na kisukari, akijidunga sindano mwenyewe kila asubuhi huku akiimba. Siku moja alikuja kwetu Ngamiani akiwa amejidunga na hakula kitu. Katikati ya mazungumzo akaacha kujibu, jasho likamtoka, akateleza kutoka kitini mpaka mkekani, macho nusu wazi. Wanawake wa jirani wakajaa. Bi Mwanajuma wa nyumba ya pili, ambaye kwa mambo ya misiba hana mpinzani, alikwisha kutoa "Inna lillahi" yake na kujifunga kanga kiunoni. Mama hakulia. Alichota sukari kwenye kopo, akaifikicha ndani ya shavu la Bibi, kwenye fizi, huku akimwita, "Mama. Mama we." Haikuchukua muda, Bibi akalamba mdomo, akafumbua macho, akatutazama sote.

"Mbona mnanililia? Nimekufa?"

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Bi Mwanajuma ndiye aliyecheka kidogo. Nami, katika umri ule wa kutumwa dukani lakini bado si sokoni, nikaondoka na elimu yangu: Bibi akionekana amekufa, si lazima awe amekufa, na dawa yake ni sukari.

Alipokufa kweli ilikuwa asubuhi, hospitalini. Mama alirudi nyumbani na kiatu kimoja, sijui kingine alikiacha wapi, akajibwaga uani. "Mama yangu! Jamani, mama yangu mie!" Nikaambiwa Bibi amekufa. Nililia kwa kuwafuata wengine, huku naingoja alasiri, maana utaratibu niliujua. Babu yangu mzaa baba, siku aliyokufa, alfajiri alikuwa anakohoa chumbani kwake, na baada ya sala ya alasiri Baba alikwisha kurudi kutoka makaburini na udongo kwenye kanzu. Hivyo ndivyo watu walivyokufa kwetu. Mtu anakufa, anaoshwa, anakafiniwa, anasaliwa, anazikwa, na jioni wanaume wanakunywa kahawa barazani.

Alasiri ikaja, ikapita. Hakuna aliyebebwa. Kesho yake watu walikunywa chai, wakazungumza habari za basi linalotoka Mwanza. Kesho kutwa vile vile. Nikamfuata Mama Mkubwa Agnesi, dada yake Mama, pale alipokuwa akipepeta mchele wa msiba.

"Mama Mkubwa, Bibi yuko wapi?"

"Yuko hospitali, mwanangu. Tunamngoja mjomba wako, yuko njiani."

Hospitali! Mtu aliyekufa anafanya nini hospitali? Mimi nilidhani huko wanakaa wagonjwa. Na mjomba mwenyewe anangojwa kwa lipi? Nikaenda kumwuliza mtu niliyemwamini kuliko wote, ustadhi wetu wa chuoni, mzee mcheshi aliyetuchapa kidogo na kututania sana.

"Ustadhi, mtu akifa asubuhi anazikwa lini?"

"Akifa asubuhi? Alasiri tumekwisha rudi, tunakula wali. Maiti hakawizwi, ni haki yake kuharakishwa."

"Na asipozikwa?"

Akacheka, akanivuta sikio. "Asiyezikwa huyo hajafa! Anawasingizia tu, anataka wali."

Wenzangu wote chuoni wakacheka. Mimi sikucheka. Ustadhi alikuwa na Kurani nzima kifuani, na ustadhi amesema asiyezikwa hajafa. Kuanzia hapo sikulia tena, na watu walinionea huruma, wakasema masikini, mtoto kapigwa na butwaa. Kumbe mimi nilikuwa nahangaika. Nilimwendea Mama, nikamwambia, "Mama, Bibi apewe sukari." Akanitazama kama mtu anayetazama dirishani, akasema, "Sasa hivi, mwanangu," akageuka kuitikia pole ya mtu mwingine. Nilimwendea Baba, fundi baiskeli mtu wa watu, alikuwa akipokea viti vya kuazima kutoka msikitini. Nikamwambia vile vile. Akanipapasa kichwa. Nyumba ilijaa watu wazima kutoka ukumbini mpaka uani, wote wananiita mama, wananipa maandazi, na hakuna hata mmoja wa kunisikiliza.

Siku mjomba alipofika, ikatangazwa kwamba Bibi ataombewa kwenye kanisa kuu, kwa heshima ya vile vitambaa vyake, kisha apelekwe Muheza. Mama akasimama mbele ya Baba, mikono kifuani, ili aombe ruhusa. Baba akamtangulia.

"Nenda ukamzike mama yako. Na huyu mchukue, ni bibi yake. Atakayekuwa na neno aje aniambie mimi."

Nikaenda kwenye gunia la sukari ya chai ya msiba, nikachota konzi moja, nikaifunga kwenye pindo la mtandio wangu, kama wanawake wanavyofunga hela.

Pale mlangoni nilivua makubadhi, kwani mimi nyumba ya Mungu naijua ni ya kuingiwa peku. Mama Mkubwa akaninong'oneza kwa ukali, "Vaa viatu wewe!" Sikuvivaa, nikavishika mkononi. Bibi hakunidanganya. Mlikuwa na baridi. Kuta zile nene zililizuia joto la Tanga nje kama bawabu, sakafu ilikuwa baridi mpaka ikaniuma nyayo, na juu kabisa, mahali ambapo kwetu pangekuwa na boriti na popo, palikuwa na giza tu. Mwanga wa madirisha ya rangi uliwadondokea watu, mwingine ana shavu jekundu, mwingine ana mkono wa kijani. Na mbele, chini ya kile kitambaa cheupe ambacho mimi nilimwona Bibi akikipiga pasi kwa mikono yake, palikuwa na sanduku limepigwa vanishi kama kabati la bibi harusi.

Mimi nilitarajia sanda. Mtu aliyekufa huvishwa sanda, hawekwi kwenye kabati na shada za maua. Nikaona ushahidi unaongezeka. Kisha padri akaja na chetezo, akalizunguka lile sanduku taratibu, moshi wa ubani ukapanda, na mimi nusura nipige makofi kwa furaha. Anamfukiza! Kwetu nani anafukizwa? Mgonjwa. Mtoto mwenye homa isiyosikia dawa huwekwa chini ya shuka akafukizwa mpaka atoke jasho. Hakuna maiti niliyepata kumwona anatibiwa. Kumbe wako wanaojua, nikasema moyoni, kumbe hawa wa kanisani wanajua, ndiyo maana wamemleta huku.

Wakatuambia tupite mmoja mmoja tumuage. Foleni ilikwenda polepole, wanawake wanapita, wanatazama ndani ya sanduku, wengine wanashikwa kwapa. Mimi nilikuwa nimelishika pindo langu, nimekwisha lifungua fundo kwa meno. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Nitainama kama wanavyoinama, nitatia sukari ndani ya shavu, nitamwita. Nilikuwa nimefikiria hata atakachosema, nikawa nacheka peke yangu chini ya mtandio.

Nilipofika, sanduku lilikuwa limefunikwa kioo.

Hilo sikulitarajia. Kipande cha kioo, kama cha saa ya ukutani lakini kikubwa, kimekazwa juu ya uso wake, na Bibi yuko chini yake na leso yake nyeupe kichwani, amefumba. Nilipeleka vidole kwenye ukingo, nikatafuta pa kufungulia. Hapakuwa na pa kufungulia. Sukari ikawa inanimwagikia miguuni. Ndipo nilipouona ukungu. Kioo kilikuwa na ukungu pale juu ya mdomo na pua, na mwanamke wa chama cha akina mama wa kanisa aliyesimama kando akakifuta kwa kitambaa, uso wa Bibi ukaonekana vizuri, halafu, mbele ya macho yangu, ukungu ukarudi. Akafuta tena. Ukarudi tena.

"Anapumua!" nilipiga kelele. "Mama! Bibi anapumua! Tazameni kioo! Anapumua!"

Sauti yangu ilipanda mpaka kwenye lile giza la juu ikarudi chini, nadhani hata wale Wazungu wa kwenye shaba waliisikia. Na Mama, aliyekuwa ameketi benchi la mbele akishikiliwa na watu wawili, aliwaponyoka. Alikuja mbio. Alijitupa juu ya kile kioo kwa viganja vyote viwili, akatazama, na uso wake, wallahi, ulifunguka. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukiwa vile tena. Nikajua tumeshinda. Nikamwambia, "Sukari, Mama, sukari ninayo." Kisha mjomba akamshika mabegani kwa nyuma, akamwambia maneno ya Kibondei polepole, na ule uso ukafungwa kidogo kidogo mpaka ukawa umekwisha. Akatoa sauti ambayo sitaiandika. Wanawake wote wakaangua kilio, na mkono wa mtu ukaninyanyua kiunoni, makubadhi yangu yakaanguka, nikabebwa mpaka nje ninapiga mateke.

Baba alikuwa nje ngazini, na wanaume wa mtaani kwetu waliokuja kumzika mkwe wake, kofia kichwani, wamesimama kwa adabu pasipo kuingia. Nikamrukia.

"Baba, waambie wafungue! Bibi anapumua, nimeona kwenye kioo, wewe watakusikiliza!"

Baba akachuchumaa, akanishika mikono. Macho yake yalikuwa mekundu. Bibi alikuwa akimwita "mwanangu", hakupata kumwita mkwe.

"Amekufa, mama. Nilikuwepo hospitalini ile asubuhi. Nilimwona mimi mwenyewe."

"Ile asubuhi? Sasa kwa nini hamkumzika?"

"Ndiyo desturi yao. Wanawangoja wa mbali wafike, wamwone, wamuage."

"Ustadhi kasema asiyezikwa hajafa."

Baba akafumba macho. "Ustadhi alikutania, mwanangu."

"Na ukungu?"

"Ametoka kwenye baridi. Huoni chupa ya soda ikitoka kwenye friji? Inafanya ukungu. Soda inapumua?"

Nilimwamini habari ya soda. Habari ya Bibi sikumwamini. Nikamwambia basi kama kweli amekufa siku zote hizo, mmemdhulumu haki yake, na kama hajafa mnamuua leo, chagua moja. Nilisema hivyo hivyo, kwa kelele, mbele ya wazee wa mtaa. Hakuna aliyenikemea. Baba alizidi kunishika mikono. Mlango ukafunguliwa, wakatoka wamelibeba sanduku, kifuniko kimekwisha kazwa skrubu. Nilimng'ata Baba mkono ili aniachie. Hakuniachia. Gari likapokea sanduku, likapiga honi, likashika njia ya Muheza, nami nikalitazama likiondoka na Bibi yangu mzima, aliyelala tu, anayehitaji sukari kidogo.

Nilikua, nikasoma, nikajua baridi ya mochwari na joto la Tanga vikikutana kwenye kioo hufanya nini. Mama na mimi hatukuizungumza siku ile mpaka nikiwa nimeolewa. Tulikuwa tunachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Siku ile kanisani, nilikuamini." Nikamwambia najua. Akasema, "Kidogo tu. Lakini nilikuamini." Tukaendelea kutoa mawe.

Mama amefariki mwaka huu, mwezi wa Shaabani, baada ya sala ya alfajiri. Alianguka akikunja mswala. Mimi niko Dodoma kwa kazi. Kaka yangu alinipigia simu, nikamwambia nisubirini, niko njiani, kisha nikasikia nilichosema. Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha kuondoka, nikapanda lililofuata. Tulipofika Muheza, wauza machungwa wakiwa wanagonga madirisha, kaka akapiga tena, akasema wametoka makaburini sasa hivi. Nikajibu alhamdulillahi. Ningejibu nini? Ni haki yake.

Nilifika nyumbani magharibi imekwisha adhiniwa. Uani palikuwa na masufuria ya wali na kanga za Mama kwenye kamba, hakuna aliyekumbuka kuzianua. Baba, ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa barazani. Nikampigia magoti, akanishika uso kwa mikono yote miwili kunitambua.

"Alikuwaje, Baba?" nikamwuliza.

"Mzuri," akasema. "Kama amelala tu."

Mimi ni mtu mzima, nina watoto, na dini yangu naijua. Nilikaa pale miguuni pake, midomo nimeikaza, nikiogopa isije ikafunguka nikamwuliza kama walimtazama vizuri.